CAN 2027 : mkaaji wa Kalemie ajipange namna gani?

Tarehe 27 Septemba 2023, CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania kazi ya kupokea Kombe la Afrika la 2027. Kwa mkaaji wa Kalemie ni habari kubwa: moja ya nchi hizo iko ng'ambo ya ziwa. Lakini jirani si nyumbani. Anayengojea siku za mwisho anaweza kubaki bandarini.

Karatasi
Kadi ya uchaguzi haitoshi kuvuka. Laissez-passer ya CEPGL nayo ni ya RDC, Burundi na Rwanda tu, haifiki Tanzania. Hapa njo wengi wanakwama. Kinachotakiwa ni pasipoti, inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje. Tangu 2022 RDC ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kila nchi ina masharti yake: mambo ya viza yaulizwe DGM na kwenye ubalozi kabla ya kulipa safari.

Chanjo
Karte ya njano ya homa ya manjano huombwa mpakani. Chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kisha inatumika maisha yote. Kuinunua karte bila kuchanjwa ni kujidanganya.

Njia
Kutoka Kalemie watu huvuka mpaka Kigoma. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, penye uwanja wa Benjamin Mkapa, ni zaidi ya km 1,200 kwa basi au treni ya reli ya kati inayopita Tabora. Treni mpya ya umeme, iliyoanza 2024, inaunganisha Dodoma na Dar.

Ziwani, usalama kwanza. Desemba 2014 MV Mutambala ilizama, zaidi ya watu 100 wakafariki. Chombo kikijaa kupita kiasi, au kama hakuna jile ya kuelea kwa kila msafiri, afazali kungojea kingine.

Tiketi na feza
Katika CHAN ya Agosti 2025, watu wasio na tiketi waliingia Kasarani kwa nguvu. CAF ikapunguza watazamaji kwenye mechi za Kenya na kuamuru tiketi za elektroniki tu. Kwa hiyo, tiketi inunuliwe kwa njia rasmi, isiwe kwa mtu wa barabarani.

Hesabu iwe ya kwenda na kurudi: chombo, basi, malazi, chakula, na akiba ya ugonjwa. Franga zetu hazitumiki kule. Mtu abebe dola na abadilishe mahali panapojulikana.

Tena, Léopards, mabingwa wa 1968 na 1974, hupata nafasi kwa kupita mechi za mchujo. Pasipoti na chanjo zinaweza kutangulia, maana hazipotei. Nauli na tiketi zingoje ratiba.