Mutwanga: garde-malade wa mtoto hospitalini, kazi yake ni nini?

Mtoto akilazwa hospitalini, Mutwanga kama mahali pengi pa Beni na Butembo, mtu mzima wa familia analala naye. Ndiye garde-malade. Anapika uwanjani, anafua, anachota maji, anakwenda kununua dawa, na usiku anaita muuguzi serumu ikiisha. Kazi hiyo familia zinaifanya tangu zamani. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo: mama anaambiwa afanye nini, haambiwi kwa sababu gani.

Tuchukue mtoto mwenye utapiamlo mkali ambaye hali yake imekuwa mbaya. Siku za kwanza anapewa maziwa ya matibabu yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, hata usiku. Mama asiyeelezwa anaona kikombe hakitoshi, mtoto analia, basi anamwongezea bugali. Ni huruma ya mzazi, lakini mwili uliodhoofika hivyo hauwezi kupokea chakula kingi kwa ghafla. Moyo unaweza kushindwa. Mama aliyeelezwa, yeye ndiye anachunga saa ya maziwa. Tena ndiye anaona wa kwanza kwamba mtoto anaharisha, anapumua mbio, au miguu inazidi kuvimba. Akifundishwa kupima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi (chini ya milimita 115 ni nyekundu), ataendelea kupima nyumbani.

Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, mwili wa mzazi ni dawa. Tangu 2022 shirika la afya ulimwenguni, OMS, linashauri abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kuanzia saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama akichoka, baba anaweza kumbeba, nyanya pia.

Watu wa huku wanajua familia ikiwekwa mbali inakuwa namna gani. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2200, na eneo la afya la Mutwanga liliguswa. Mtu alikuwa anaingizwa nyuma ya uzio na watu waliofunika uso, na uvumi ukajaza nafasi ya habari. Ndipo mjini Beni shirika ALIMA likaweka vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu wakaweza kumuona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Watu waliopona Ebola, ambao mwili wao ulikuwa na kinga, walibeba na kulisha watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa.

Leo kizuizi kikubwa kiko nyumbani. Kuna watoto wengine, kuna kakao shambani, kuna mashambulizi ambayo yamekimbiza watu katika sekta ya Ruwenzori. Mama aliye peke yake anatoroka na mtoto kabla ya matibabu kuisha, mara nyingi bila kusema, juu ya haya au deni. Afadhali familia ipange zamu siku ileile ya kulazwa: nani atalala hospitalini, nani atabaki na wadogo. Na kama ni lazima kuondoka, muuguzi aambiwe kwanza, aandike dawa zinazobaki na aseme ni kituo gani cha afya cha karibu kitakachomfuatilia mtoto.