Mikopo midogo wilayani Rungwe
Mikopo midogo wilayani Rungwe, Mkoa wa Mbeya, huwafikia wakulima wa ndizi, chai na parachichi, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wachuuzi wa mji wa Tukuyu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka vikundi vya kijamii, vikiwemo VICOBA (benki za jamii vijijini), katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Katika vikundi hivyo wanachama hununua hisa na kukopeshana. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu tofauti. Halmashauri nayo hukopesha bila riba asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Kikwazo hasa ni ratiba: marejesho ya kila wiki humfaa muuza ndizi, si mkulima wa parachichi anayengoja msimu. Anayebanwa hukimbilia mikopo ya “kausha damu,” yenye riba kubwa.