Mkutubi, Matini na Jibu: Kutoka Rafuni Hadi Mtandaoni

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, makala haya yanamhusu mtu ambaye aghalabu tunamkumbuka kitabu kinapopotea: mkutubi. Wasomaji walipohamia mtandaoni na kuanza kujibizana huko, yeye alibakiwa na kazi gani? Ili kulijibu swali hili ni sharti turudi nyuma kidogo.

Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miongo miwili Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo akasoma. Mkutubi wa enzi hizo alikuwa bawabu. Baadaye East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, ilisambaza vitabu kwa masanduku. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 ilizaa shirika la maktaba la taifa, KNLS, lililoanza kazi mwaka 1967. Na ilipofika mwaka 1996 vitabu vilikuwa vikibebwa na ngamia kuwafuata wafugaji wa Garissa. Bawabu alikuwa amegeuka mchukuzi.

Hata hivyo, ipo kazi nyingine ya mkutubi isiyotajwa sana, nayo ndiyo inayonishughulisha. Mkutubi huweka matini na jibu lake mahali pamoja. Chukua mgogoro wa ushairi, ambao bila shaka unaufahamu. Sheria za Kutunga Mashairi cha Amri Abedi kilitoka mwaka 1954. Kichomi cha Kezilahabi kikatoka mwaka 1974, na wanamapokeo wakaja juu. Usidhani malumbano yale yalikuwa ya upole. Yalijaa kejeli, na wapo walioshikilia kuwa mashairi huru si mashairi hata kidogo. Lakini mkutubi hakuchagua upande. Aliviweka vitabu vyote viwili penye ushairi, na mwanafunzi aliyesikia kuwa Kezilahabi ameuharibu ushairi aliweza kunyoosha mkono akajisomea kabla ya kuhukumu. Vivyo hivyo katika kurasa za ushairi magazetini: anayejibu humtaja anayemjibu, hulitaja shairi lenyewe, na mara nyingi hufuata bahari ile ile. Mimi huiita hiyo heshima, hata pale maneno yanapochoma.

Mtandaoni jibu husafiri bila matini. Nasi wa Bonde la Ufa tunajua linaweza kufika wapi. Januari 2008, kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka Nakuru, kisha Naivasha tarehe 27. Kikopey iko kati ya miji hiyo miwili, kando ya barabara kuu ile ile (wasafiri wengi huijua kwa nyama choma tu). Nilikuwa kidato cha pili. Jumbe za chuki zilienea kwa simu, nalo jukwaa la Mashada, ambako Wakenya walikuwa wakijadiliana mtandaoni, likafurika matusi ya kikabila hata mwasisi wake, David Kobia, akalifunga mwezi huo huo. Hakuishia hapo. Alifungua ukurasa mwingine ulioitwa I Have No Tribe, na pia alishirikiana na wanablogu Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman kuunda Ushahidi, ambapo taarifa za wananchi kuhusu ghasia zilionyeshwa kwenye ramani. Zingatia jambo hilo: neno la mtu halikuachwa likielea, lilifungwa mahali lilipotokea. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya ukutubi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeitwa mkutubi.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu mwaka jana nilikosea. Shuleni ninakofundisha mimi ndiye mkutubi, yaani mwalimu wa Kiswahili aliyekabidhiwa funguo za chumba chenye makabati manne. Chama cha Kiswahili kilipoanzisha blogu, nilipewa nywila nikaiweka mfukoni. Niliona kuwa vyangu ni vitabu. Mvulana mmoja akaandika aya tatu akidai kuwa Yona, katika Bembea ya Maisha, anastahili kuhurumiwa. Hakuna aliyemjibu kuhusu Yona. Waliandika kuwa anamtetea mlevi kwa sababu babake ni mlevi; na ni kweli babake hunywa. Nilizisoma siku ya nne. Kufikia hapo mvulana alikuwa ameacha kuja maktabani, na insha zake zilikuwa zimepungua kutoka kurasa nne hadi moja.

Niliyafuta maoni yale, lakini kufuta hakukumrejesha. Tuliketi na chama tukakubaliana: anayejibu ataje kwanza onyesho na ukurasa, aeleze hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe ataikubali, atie jina lake, ndipo apinge awezavyo. Nakala mbili za tamthilia hubaki mezani karibu na tarakilishi, haziazimwi. Wanafunzi walinung'unika kuwa ni kazi nyingi. Maoni yalipungua, nami sikusikitika.

Muhula uliofuata msichana mmoja, miongoni mwa waliomcheka, aliandika upya jibu lake. Alimpinga vikali: kwamba maumivu ya Yona hayafuti ya Sara. Alitaja kurasa tatu. Siku mbili baadaye mvulana aliingia maktabani na nakala yake, iliyochelewa wiki tano, akaniuliza kama faini inalipwa kwangu au kwa karani. Kisha akaomba nimfungulie tarakilishi, kwa kuwa ukurasa mmojawapo, alisema, yule msichana aliunukuu vibaya.