Abasia ya Sainte-Foy, Conques

Abasia ya Sainte-Foy ilikuwa monasteri ya Wabenedikto katika kijiji cha Conques, Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Umaarufu wake, ajabu ni kwamba, ulitokana na wizi: karibu mwaka 866 mtawa wa Conques alichukua kwa siri masalia ya Mtakatifu Foy, binti mfiadini, kutoka Agen. Mahujaji waliokuwa njiani kwenda Santiago de Compostela wakamiminika, na sadaka zikafuata. Masalia yaliwekwa ndani ya sanamu ya mbao iliyofunikwa dhahabu na vito. Kanisa lilijengwa upya kuanzia karne ya 11. Juu ya mlango imechongwa Hukumu ya Mwisho, ambamo shetani amewanasa hata watawa wavuni. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wanakijiji waliificha hazina ya kanisa. Vioo vya madirisha ya sasa, visivyo na rangi, ni kazi ya msanii Pierre Soulages, vilivyozinduliwa 1994.