DSpace

DSpace ni programu huria ambayo maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti huitumia kuhifadhi tasnifu, makala, picha na data, na kuzifikisha kwa watafiti kupitia intaneti. Iliundwa na maktaba za chuo cha MIT, Marekani, pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Katika Afrika Mashariki inatumika Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, miongoni mwa vingine.

Mara nyingi DSpace huelezwa kuwa ghala la faili. Maelezo hayo yanaipunja, maana kupandisha faili mtandaoni ni jambo ambalo tovuti yoyote hulimudu. Nguvu yake iko kwenye anwani na metadata. Kila kazi hupewa anwani ya kudumu ya mfumo wa Handle. Chuo kikihamisha seva au kubadili jina la tovuti, wahusika hurekebisha rekodi ya Handle, na msomaji anayefuata tanbihi ya zamani bado huifikia kazi ileile. Metadata, yaani jina la mwandishi, mwaka, mada, lugha na kadhalika, hupangwa kwa kawaida kwa kufuata kiwango cha Dublin Core, kisha mifumo mingine huweza kuivuna kwa itifaki ya OAI-PMH. Ndiyo maana tasnifu ya magonjwa ya mihogo iliyowekwa Sokoine, Morogoro, yaweza kumfikia mtafiti wa Kinshasa ambaye hajui kabisa kwamba hazina ya chuo hicho ipo.

Wapo wahadhiri wanaohofia kwamba tasnifu iliyo wazi itaibwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini kuificha si kinga: nakala ya karatasi iliyo rafuni hunakiliwa pia, na aliyenakili huwa vigumu kumbaini kwa kuwa hakuna matini ya kulinganisha. Tena kazi yenye data nyeti au inayosubiri kuchapishwa inaweza kufungwa kwa muda ndani ya DSpace huku metadata yake ikibaki wazi.

Hoja nzito zaidi ni ya gharama. Leseni ni bure, uendeshaji si bure. Toleo la 7, la mwaka 2021, liliachana na violesura vya awali, na kulihamia kunahitaji fundi anayeielewa Java, PostgreSQL na Solr. Hata hivyo fundi peke yake hatoshi. Mwandishi mmoja akiandikwa “Juma, Ali H.” leo na “Ali, Juma” kesho, programu itaorodhesha watu wawili, na nusu ya kazi zake zitampotea anayezitafuta. Hakuna seva inayolitatua hilo. Analitatua mkutubi anayekagua rekodi moja moja kabla haijapitishwa, na mshahara wake ni sehemu ya bei ya DSpace sawasawa na umeme wa mashine.