Nyonga Iliyolia Mezani

Bibi harusi akiwekwa ndani, somo wake humfunza kufukiza udi, kutunga vikuba na kumpokea mume. Leo tunamwongezea funzo la miaka ya mbele, mume atakapoumwa nyonga.

Maradhi ya viungo yakiingia nyongani, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa huisha, mfupa ukasuguana na mfupa. Kuvaa kiatu huwa shida, kusujudu huwa shida.

Mwaka 1946 huko Paris, ndugu wawili madaktari, Jean na Robert Judet, walianza kuwawekea wagonjwa kichwa cha nyonga cha plastiki ya akriliki. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja mwenye kiungo hicho alimwendea daktari John Charnley, Uingereza. Nyonga yake ililia kama bawaba kavu ya mlango, na kila akiinama mezani mkewe alishindwa kuvumilia. Charnley hakucheka. Alielewa kuwa kiungo kinacholia kinakwaruza, na kinachokwaruza mwisho hulegea.

Katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, alitengeneza nyonga ya tufe dogo la chuma na kikombe cha Teflon, akaishika kwa saruji ya akriliki kama ile ya madaktari wa meno. Wagonjwa walitembea kwa furaha, lakini baada ya miaka michache Teflon ililika, na wengi wakahitaji kupasuliwa tena. Charnley alijitia vipande vya Teflon kwenye paja lake mwenyewe aone madhara yake. Mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, alijaribu plastiki ngumu zaidi, polyethilini, ambayo daktari alikwisha kuikataa. Mashine ilizunguka kwa wiki kadhaa, nayo ikalika kidogo mno. Novemba mwaka huo wakaanza kuitumia kwa wagonjwa, na mpaka leo nyonga nyingi hufuata njia hiyo.

Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ile ile au ya pili, kisha hurudi nyumbani na magongo. Hapo kazi inahamia kwetu. Wiki za mwanzo madaktari wengi humkataza kuketi chini sana, kupishanisha miguu na kuinama mno. Basi mkeka wa chakula upumzike, kitafutwe kiti kirefu, chooni pawekwe kiti, na mazulia yanayoteleza yaondolewe. Aswali juu ya kiti. Dini imempa mgonjwa ruhusa, asione haya. Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au kigimbi kikivimba na kuuma, apelekwe hospitali mara moja.

Qurani imewafananisha mke na mume na vazi. Vazi hukaa karibu na mwili, hujua panapouma kabla ya daktari. Tuwasikilize wenzetu, nao watusikilize.

Allah awape wagonjwa wetu shifaa. Aamin.