Alama ya Hadhi ya Kazi

Alama ya hadhi ya kazi ni namba inayopewa kila kazi katika takwimu za utafiti wa jamii, ili daraja ya mtu, kwa kadiri inavyotokana na elimu na ujira wa wenye kazi ile, ipate kulinganishwa na ya mwingine. Mizani mashuhuri, iliyotolewa kwanza mwaka 1992 na Ganzeboom, De Graaf na Treiman, hufuata orodha ya Shirika la Kazi Duniani, ambayo katika toleo la 2008 huainisha kazi kwa tarakimu nne.

Taabu huzuka maelezo yakipungua. Katika nchi ya mahindi ya Kitale, hadi Suam mpakani mwa Kenya na Uganda, dodoso huweza kurejea na neno "mkulima" pekee, ilhali orodha humtenga alimaye mazao ya soko (6111), alimaye chakula cha nyumbani mwake (6310) na kibarua wa shambani (9211), watu ambao hadhi zao hazilingani. Mtakwimu hutazama kwanza majibu mengine, kama vile ukubwa wa shamba na kuajiriwa au kujiajiri. Yakikosekana, huishia kwenye kundi kuu, 6000, lenye alama yake ya jumla, ingawa hapo kibarua hupandishwa daraja pasipo stahili. "Mwalimu" asiyetajiwa shule huwekwa 2300, na hitilafu yake si kubwa. Asiyetaja kazi yoyote hapewi sifuri, kwani ingesomwa kuwa hadhi duni kuliko zote. Nafasi yake huachwa wazi.